Plagi Isiyokwenda Popote

Kwako Meneja wangu,

Pokea salamu, mwanangu, nyingi kuliko misumari niliyowahi kuibana mdomoni, na wewe unajua kuna miaka mdomo huu ulikuwa na misumari mingi kuliko meno. Hujambo? Mumeo hajambo, na kile kifua chake kinachokoroma kama jenereta kimetulia? Wajukuu zangu je, yule mkubwa bado anaringa na mguu wake wa mpira, au umeshamwambia kaurithi kwa nani? Sisi huku tunaendelea. Goti langu linalia nikikaa na linalia nikisimama, kwa hiyo nimeamua kulitembeza tu, lichoke lenyewe.

Usitafute kiti, hakuna aliyekufa. Najua bahasha siku hizi inatisha. Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu kuna neno ambalo kwenye simu siliwezi. Nikisikia tu unaita Baba, mdomo wangu unakimbilia utani kama mbuzi aliyeona geti la bustani liko wazi. Na herufi zikilala ubavu usinilaumu: aliyenifundisha ni wewe, pale mezani jikoni, meno ya mbele huna, rula mkononi, nikikosea unanigonga vidole. Ndipo nilipokupa cheo cha Meneja, na hujakiachia mpaka leo. Barua anakuletea jirani yetu mchomeleaji, yule wa mageti, anakuja huko kwenu kuchukua vyuma. Nimemwambia ikufikie kabla ya Jumapili, maana Jumapili ndiyo uliyonitishia nayo.

Habari yenyewe ni ya rauta. Tulia, nianze mwanzo.

Ile kampuni ya mtandao ilileta ujumbe kwamba kisanduku kitajifanyia apdeti chenyewe, alasiri, kitakuwa na mbio zaidi, na mtu asikizime mpaka kimalize. Mimi nikafurahi. Nikamsomea mama yako kwa sauti kama nasoma taarifa ya habari. Nikatoka kidogo kwenda dukani, na kidogo yangu unaijua. Kurudi, nakuta taa ya machungwa inakonyeza kama mtu anayejua siri yako, halafu ikawa nyekundu, ikabaki hapo hapo. Mtandao hakuna. Simu inazunguka, inazunguka, kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Sasa mwanangu, mimi sio mtu wa kushindwa na kisanduku. Mimi ndiye niliyemshonea hakimu kochi, akalikalia jioni moja kulijaribu, akalala, kesi ikaahirishwa, akaamka akaomba nimtengenezee lingine la mahakamani, wenzake wakakataa wakasema haki itakosa mtu wa kuitoa. Utasema naongeza chumvi. Naongeza, lakini chakula kilikuwepo.

Nikapiga huduma kwa wateja. Akapokea binti mwenye sauti ya asali akaniambia nizime, nisubiri, niwashe. Nikazima, nikasubiri, nikawasha. Akasema tena. Nikamwambia, binti, hata mimi ungenizima na kuniwasha hivyo goti lisingepona. Akasema basi kuna kitundu kidogo nyuma, nitafute pini nibonyeze nihesabu mpaka taa zizime. Pini! Nikachukua sindano yangu ya makochi, nusura itokee upande wa pili. Taa zikazima zote, zikarudi, na jina la mtandao wetu limepotea, limekuwa manamba tu, na ile paswedi uliyotuwekea haijulikani tena.

Ndipo ulipopiga ukanifokea. Ukasema nimeiua rauta kwa lile kochi nililoishonea. Sawa, kochi niliishonea. Kisanduku cha watu kinakaa juu ya kabati tupu kama yatima, nami nina vipande vya mahameli nyekundu ndani, nifanyeje? Mikono miwili, vifungo vitatu mgongoni, sponji safi. Yule mama fundi aliyetumwa na kampuni ya mtandao alipokuja na ngazi yake begani, alikiona akaiweka ngazi chini, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakitoa kisanduku kwenye starehe yake akasema kinahitaji hewa, sio heshima. Lakini akaniambia pia kwamba kochi halikukiua. Hilo ulisikie, Meneja, na uniombe radhi kwa muda wako.

(Nimeinuka. Nimekwenda kuchungulia chumbani, mama yako amelala. Nimekwenda kuangalia taa, kijani. Nimerudi. Hivi ndivyo ninavyoishi siku hizi, sikai.)

Mama Ngazi, ndivyo tunavyomwita, akachomeka laptopu yake, akasema apdeti ilikatwa katikati, kisanduku kimeamka nusu, kama mtu aliyetolewa ndotoni hajui aanze na mguu upi. Akakirekebisha. Akaweka jina, akaweka paswedi mpya, akaenda zake. Kesho yake jioni, nyekundu. Akarudi, akatengeneza. Jioni, nyekundu. Akaniambia kampuni inaituma ile apdeti upya kila alasiri, na kila alasiri kuna kitu kinaikata njiani. Akauliza kwa upole kama kuna mtu anaichomoa. Nikamjibu kwa ukali kwamba nyumba hii ina watu wawili tu, na wote tuna akili zetu.

Nikaamua mchawi ni mchomeleaji. Mashine yake ikiwaka, taa za mtaa mzima zinatetemeka. Nikamfuata na kifua mbele, nikampa maneno, majirani wakatoka kusikiliza. Yeye akazima mashine alasiri nzima, akakaa juu ya geti ambalo halijaisha akiniangalia. Jioni, nyekundu. Sijawahi kuomba radhi kwa kifua kilichorudi nyuma namna ile. Na bado ndiye anayekuletea barua, kwa hiyo mpe chai.

Siku zote hizo ulikuwa unapiga simu ya kawaida unamtaka mama yako, na mimi nakwambia yuko bafuni. Kila ukipiga, bafuni. Mtu gani anaoga hivyo, mwanangu? Angekuwa ameshayeyuka kama sabuni. Ukachoka, na ulikuwa na haki ya kuchoka. Ukasema simu ya picha ikiwa haijarudi mpaka Jumapili unakuja na gari kumchukua mama yako, akakae kwako apumzike na vituko vyangu. Ulikata simu. Tangu hapo roho yangu iko juu juu, natembea jikoni mpaka kibarazani, kibarazani mpaka jikoni, mama yako ananiuliza kama nimepoteza kitu.

Basi siku tatu zilizopita nikachukua kigoda, nikakaa mbele ya rauta kama mtu anayelinda maziwa yasifurike. Jua limeshaingia kwa dirisha la jikoni. Taa ikaanza kukonyeza, nikajua kazi imeanza. Mama yako akatoka chumbani. Kajifunga kitambaa kichwani, mkoba mkononi, na miguuni vile viatu vyeusi vya kamba vya kazini, ambavyo mimi nilidhani tulishavitupa. Akaenda kwenye pasi, akachomoa plagi, akaigusa pasi kwa nyuma ya vidole. Akaenda kwenye feni, akachomoa. Redio, akachomoa. Akafika kwenye rauta, akapita mbele ya pua yangu, akachomoa, akaukunja waya vizuri akaulaza juu ya kabati.

Unakumbuka kule kwa dobi alikopiga pasi miaka yote ile? Tangu siku pasi moja iliposahauliwa ikala ukuta na mashuka ya watu, mtu wa mwisho kutoka ndiye aliyechomoa kila plagi na kugusa kila pasi. Na mama yako ndiye aliyekuwa wa mwisho kumuaga mlinzi wa geti kila jioni, hakumwamini mwingine. Wewe ulikuwa unamsubiri dirishani.

Alipomaliza akanigeukia. Akaniambia: mlinzi, nimezima zote, nifungulie geti, mwanangu ananisubiri.

Mimi, mume wake, fundi niliyemlaza hakimu, nikasimama. Sikupata utani hata mmoja. Nikasema ndiyo mama, geti liko wazi. Nikamfungulia mlango wa nyuma, tukazunguka nyumba pole pole mpaka mlango wa mbele. Akaingia, akavua viatu, akachomeka tena kila plagi kama mtu aliyefika kwake, akakaa, akaniangalia, akaniuliza nani kanifia mbona uso wangu umeanguka, na akaniita lile jina la chumbani ambalo kwenye karatasi siliandiki.

Hili sasa ndilo neno lililonishikisha kalamu. Halikuanza juzi wala na rauta. Unakumbuka ulikuwa unaniuliza kwa nini kwenye simu ya picha anaonekana mama tu, mimi siko? Nikakujibu simu yako haina nguvu ya kubeba uzuri wangu. Mwanangu, nilikuwa nyuma ya kochi. Nimepiga magoti, na goti langu unalijua, namnong'oneza. Ukimuuliza mjukuu wa pili anaendeleaje, nanong'ona jina. Ukisema umehama ofisi, nanong'ona mpongeze. Akiiona sura yako anakujua, anang'aa, mengine namjazia. Lakini sauti peke yake inampotea, aliwahi kunirudishia simu akauliza ni mteja gani huyo. Ndiyo maana ya bafuni. Ndiyo maana ya kuitafuta ile taa ya kijani kama kichaa.

Nilikuficha kwa sababu uliwahi kusema, utani wako lakini niliusikia, kwamba siku mmoja wetu akianza kuyumba utamchukua mama, maana mimi hata yai naliunguza. Ni kweli naliunguza. Lakini kumfungulia geti najua. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nimefichuliwa na taa ya machungwa.

Basi sikiliza nilivyofanya. Kwanza, juzi, niliibana plagi ya rauta ukutani kwa pini za makochi, isitoke. Kosa. Alivuta, akavuta, akaanza kulia kwamba mashuka ya watu yataungua na yeye ndiye wa mwisho. Nikazing'oa zile pini kwa meno. Jana asubuhi nikaitafuta pasi yetu ya zamani iliyokufa, nikakata waya wake na plagi yake. Waya wa rauta wa kweli nimeupitisha nyuma ya kabati, hauonekani. Ile plagi ya pasi nimeichomeka pale pale pa zamani, na mwisho wake mwingine nimeushona ndani ya lile kochi dogo la mahameli, kwenye sponji. Hauendi popote, na ndani ya plagi nyaya nimezifungua, umeme haupiti. Jioni amekuja na mkoba wake, amechomoa, ameikunja, ameilaza juu. Kaniambia: mlinzi, zote. Nikamfungulia geti. Kurudi, taa imekonyeza, imekonyeza, halafu imetulia kijani. Nimecheza kwa mguu mmoja, goti lenyewe limecheka.

Kwa hiyo mtandao upo, Meneja. Mama Ngazi akisikia nilivyoitibu atanipa ngazi yake. Lakini usidhani nimekuandikia ili usije. Njoo Jumapili. Njoo na gari, tumpeleke hospitali wote, maana mimi peke yangu naogopa kulisikia jina la huo ugonjwa, na hilo nimelisema mara moja tu, usilirudie mbele za watu. Ila njoo na nguo za kulala, usije na maboksi ya kumhamisha mtu. Ukae uone alasiri moja. Ukishaiona, useme wewe mwenyewe kama kwako kuna geti na mlinzi.

Na kabla ya hapo, ukishaisoma hii, piga kwa picha. Sitanong'ona tena. Nitakaa kwenye kochi, pembeni yake, ndani ya picha, unione na uzuri wangu wote. Ukimuuliza jambo akanitazama mimi, mpe nafasi. Akikuuliza wewe ni nani, usimsahihishe kwa rula. Muulize amebakiza nguo ngapi za kupiga pasi, atakueleza mpaka bando liishe, na utamsikia mama yako yule yule.

Msalimie mumeo na kifua chake, wajukuu wabusu, mkubwa mwambie babu yake alikuwa anapiga mpira unavuka mtaa na kurudi wenyewe. Sina la zaidi, na hata ningekuwa nalo muda sina: jua limefika dirishani na nasikia anafunga kamba za viatu.

Wako mimi baba yako,
fundi wa makochi asubuhi, mlinzi wa geti jioni.