Njia Uliyotukatia Uani kwa Jirani

Mama,

Leo nimekasirika tena na sina wa kumwambia ila wewe. Nimekaa dakika ishirini ndani ya gari kumpeleka Wanjiru, wajina wako, kwenye shule ambayo paa lake naliona nikiosha vyombo jikoni. Dakika ishirini! Ungecheka hadi ushike mbavu.

Unaikumbuka mitaa yetu huku ughaibuni, hapa Quakers Hill. Kila barabara inajipinda, halafu inaishia mlangoni kwa mtu. Shule iko nyuma ya ua, lakini ukitaka kufika lazima uzunguke mtaa mzima, ukanyage nyasi za watu kwa sababu hakuna njia ya miguu, kisha uvuke barabara kubwa ambako magari hayamsubiri mtoto. Aliyechora mtaa huu sijui kama aliwahi kuwa mtoto.

Wewe ulipokuja kunisaidia kulea, wiki moja tu ilikutosha. Bila kuniambia ukapika mandazi, ukajaza chai kwenye chupa, ukaenda kubisha hodi kwa yule mzee wa nyumba ya nyuma. Kiingereza chako kilikuwa cha kuokoteza, lakini mlielewana. Jumamosi akang'oa mbao mbili za ua, na Jumatatu ukampitisha Wanjiru uani kwake mpaka lango la shule. Dakika tatu.

Nami niliporudi kutoka zamu hospitalini nikakugombeza. "Mama, hapa watu hawapiti uani kwa watu! Unaniaibisha." Ukanitazama tu, ukasema, "Kwani hapa jirani ni wa kuangaliwa kwa dirisha?"

Sikukuomba msamaha. Ulirudi Nyeri, na kabla mwaka haujaisha tukakuzika. Inaniuma, Mama. Inaniuma sana.

Sasa mzee ameuza nyumba, amehamia kwa binti yake. Waliokuja wameziba lile pengo kwa mbao mpya. Siwalaumu, hawakuambiwa kitu. Nimeandikia kaunsili, baraza la mji, barua mbili kuomba njia ya watoto, wakajibu kwamba wamezipokea. Wamezipokea! Baiskeli ya Wanjiru inashika kutu gerejini humu nyumbani. Kila asubuhi ananionyesha paa la shule, "Mum, I can see it from here," nami nawasha gari.

Juzi ndipo nilipojishtukia. Nimepigana na kaunsili mwaka mzima, na watu wa nyuma ya ua wangu sijui hata majina yao. Mimi, binti yako! Nawaangalia kwa dirisha.

Basi nimekanda unga. Haujaumuka kama wako, lakini utafaa. Jumamosi asubuhi nitakwenda na Wanjiru, yeye ndiye atakayebeba chupa yako. Wakikataa, wamekataa, lakini watakuwa wametujua.

Nisamehe, Mama, na upumzike. Nitabisha hodi mlango wa mbele, na wakiuliza nataka nini, nitasema nimetumwa na mama yangu.

Binti yako,
Njeri