Sauti Ilikuwa Yako, Baba

Baba,

Leo ni siku ya kumi na tisa tangu tukuzike. Jana nilirudi kazini. Nilikaa kwenye kiti changu pale posta, nikavaa visikizio, na mtu wa kwanza kupiga simu alikuwa mzee wa Molo aliyetaka kuunganishwa na Kericho. Alikuwa na kikohozi kama chako. Nilichomoa waya kabla hajamaliza kutaja namba. Msimamizi akaniambia niende nyumbani, nirudi wiki ijayo. Ndiyo maana mchana huu niko chumbani kwangu Bondeni, mlango wazi, majirani wakianika nguo, nakuandikia barua ambayo sijui nitaipeleka wapi.

Kuna jambo sikukuambia. Kila nilipokuja kukuona gerezani nilikuja nalo, nikakaa mbele yako nalo, nikarudi nalo Nakuru.

Unajua ilivyoanza kuliko mimi. Tangu tulipogawiwa shamba la yule Mzungu baada ya uhuru, wewe ndiwe uliyekuwa katibu wa chama cha wakulima wa pareto. Mwenyekiti alipotaka vipande vya mtoni vya wale wajane wawili vipewe shemeji zake, ulikataa kuliandika jambo hilo kitabuni. Akaenda mjini akanunua tepu rekoda, akaiweka mezani siku ya mkutano. Alisema itakupunguzia kazi ya kuandika. Uliponisimulia ulicheka sana. "Nikamwambia, basi na ije ilime pia!"

Wiki mbili baadaye stoo ya pareto ikaungua, mchana kweupe, watu wakiwa mashambani. Nani aliichoma, mimi sijui mpaka leo. Lakini polisi walipokuja, Mwenyekiti aliwapa ile tepu, na kwenye tepu wewe unasema: "Tuchome stoo hiyo, tuone watajificha wapi."

Uliwaambia hukusema hivyo. Uliwaambia maneno yako yalikuwa, "Kuna watu humu wanasema tuchome stoo hiyo, tuone watajificha wapi. Hao ni wajinga." Wajane wale wawili walikuwa kwenye mkutano na wangeweza kukusaidia, lakini waliogopa. Na nani angewasikiliza wajane wawili dhidi ya mashine?

Mimi waliniita kwa sababu ya kazi yangu. Inspekta aliyekuwa anaendesha mashtaka aliniuliza kwa upole, kama mtu anayempokea mgeni.

"Kwenye simu unasikia sauti za watu wengi?"

"Wengi sana."

"Na unazitambua?"

"Nazitambua."

"Ya baba yako je?"

Nilisema naijua hata nikiwa usingizini. Watu wakacheka kidogo. Nilifurahi, Baba. Nisamehe, lakini kwa muda ule mdogo nilijiona mtu wa maana.

Ndipo wakawasha tepu. Ilikuwa sauti yako. Hata ile pumzi unayovuta kabla ya neno zito ilikuwamo. Nyuma yake mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, mpaka maneno ya wengine yalikuwa hayasikiki vizuri. Kisha ukasema "tuchome", na mvua ikawa manyunyu. Haikupungua polepole jinsi mvua inavyopungua. Ilikatika, ghafla, kama kisu kimepita. Ukamaliza maneno yale, na ile mvua kubwa ikarudi.

Kazini mambo ya nyuma yakibadilika hivyo, najua laini imekatika ikaunganishwa tena. Siwezi kukosea. Nilijua palepale, nimesimama kizimbani, mkono wangu juu ya ule ubao, kwamba mtu alichukua maneno yako mahali pengine akayaweka hapo.

"Hiyo ni sauti ya nani?"

"Ni ya baba. Lakini mvua..."

"Jibu ulichoulizwa, bibi. Ni sauti ya nani?"

Nikamtazama hakimu. Alikuwa ameshika kalamu, anangoja.

"Ni ya baba yangu."

Akaandika. Hukuwa na wakili. Wakakuuliza kama una swali kwa shahidi huyu. Ulisimama, ukanitazama, ukasema, "Sina swali kwa mtoto wangu." Ukakaa.

Laiti ungeuliza, Baba. Ungeuliza neno lolote, hata ungeuliza mvua inaendaje. Ningesema yote. Nilikuwa nangoja uulize. Lakini wewe ulikuwa unanihurumia.

Ulipofungwa miaka sita, nilienda kwa Mzee Jivan, yule Mhindi anayetengeneza redio, jirani na duka la vitambaa. Nilimweleza. Alitoa kipande cha tepu kuukuu, akakikata kwa wembe, akakiunga kwa gundi, akanichezea. Nikasikia redio iliyokuwa ikilia nyuma ya maneno ikiruka ghafla, vilevile kama ile mvua. Mzee wa watu alikasirika kuliko mimi. "Mimi takuja kortini, binti yangu. Tasema mbele ya jaji. Lakini leta tepu ile yenyewe. Mimi taona mahali wembe imepita. Bila tepu, mimi tasema nini?"

Kortini nilienda mara tatu. Mara ya tatu karani akanionea huruma, akafungua faili. Kesi imekwisha, akasema, kitu cha ushahidi amerudishiwa mwenyewe. Ndani ya faili kulikuwa na karatasi iliyopigwa chapa, maneno yako mstari mmoja na nusu. Mvua haikuandikwa.

Nikaenda kwa Mwenyekiti. Alinikaribisha vizuri, akaniitia chai, akaiwasha tepu mwenyewe bila kuombwa. Wanawake walikuwa wanaimba. Harusi ya binti yake, imerekodiwa juu ya maneno yako. "Tepu ni hii moja tu," akaniambia, "ningenunua nyingine ya nini?" Nilikunywa ile chai, Baba. 

Sasa lile ninaloogopa kuandika.

Mara ya mwisho nilipokuja kukuona, ulikuwa umekonda na kifua kilikuwa kinalia. Uliongea polepole, askari jela akiwa amesimama pale. Ulisema, "Njoki, nimefikiria sana. Ile sauti ni yangu. Hata wewe uliitambua. Labda nilisema. Mtu huzeeka akasahau. Mashine haina sababu ya kunisingizia."

Nami nikasema, "Usijichoshe, Baba."

Hayo tu. Nilijiambia nitakuambia siku nikipata jambo la kushika mkononi, ili usije ukatumaini bure. Huo ni uongo. Nilinyamaza kwa sababu kukuambia nilisikia mvua ikikatika kungekuwa kukuambia kwamba nilisikia nikanyamaza. Nilitaka uendelee kuniita mtoto wako uliyemsomesha akawa mkweli. Wiki tano baadaye wakaleta barua kuwa umekufa kwa homa ya mapafu.

Ulikufa unajishuku. Wewe, uliyekuwa unasoma mara mbili kila mstari wa kitabu cha chama kabla ya kutia sahihi, ulikufa hujui kama ulitamka neno moja au hukulitamka. Dakika mbili zangu zingetosha.

Nyumbani kumebaki hivi. Mama ametia kidole gumba karatasi ya kukiachia chama kile kipande cha juu, chenye viazi, kama fidia ya stoo. Hakuna aliyemlazimisha. Aliniambia ni haki yao. Siku ya mazishi alimnong'oneza Shangazi, "Alikuwa na hasira siku zile, tungemzuia." Picha yako ameitoa ukutani, ameiweka chini ya godoro. Yeye pia ameamini. Nami nilisimama kando ya kaburi nikishika mkono wake.

Shamba halirudi. Rufaa haipo tena. Nimeambiwa kesi ya mtu aliyekufa haina wa kuikatia rufaa. Mzee Jivan ananisalimia kwa kuinamisha kichwa.

Jumamosi nitaenda nyumbani Kuresoi. Hilo ndilo ninalokuahidi, na sina ahadi nyingine inayofaa. Nitamketisha Mama jikoni, nimweleze yote tangu mwanzo, na nililofanya mimi nitalitaja kwa jina lake. Atauliza kwa nini nilinyamaza. Huenda akanifukuza. Nitangoja uani mpaka anifungulie au giza liingie.

Kwaheri, Baba. Hukusema maneno yale. Nilikuwapo kortini, nilisikia, nilijua. Ulistahili kuambiwa hivi na mimi ukiwa hai.

Binti yako,
Njoki