Zamu ya Jike

Jumatatu, 3 Machi
Yai moja! Miaka sita tunangoja hapa bustani ya wanyama. Kiota chenyewe vijiti kumi tu, ukisimama chini unaliona yai. Njiwa wetu hawa wa matunda wamefanana kama shilingi kwa ya pili: mgongo wa kijani, kofia ya zambarau, tumbo la rangi ya machungwa. Tunawatofautisha kwa pete za miguuni, nyekundu na bluu. Tini wanazimeza nzima nzima.

Alhamisi, 6 Machi
Pete Nyekundu analalia kutwa. Mama maskini! Pete ya Bluu yuko juu, anakula, anasinzia. Mwanamume ni mwanamume. Saa tisa alasiri kashuka, anamsukuma mwenzake kiotani. Nimemkamata huyo wa bluu, nimemfungia kizimba cha pembeni. Mama Ufagio, anayesafisha hapa, akasema nimwache, mambo ya wawili hayaingiliwi. Nikamwambia afagie.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi — yai peke yake, baridi kama kijiko. Pete Nyekundu yuko tawini. Nimempigia daktari wa wanyama. Akauliza kwa upole, kwani sikujua? Hawa hupokezana: baba mchana, mama usiku. Mama huingia zamu alasiri.
Niliyemfungia ni mama.
Nimemrudisha. Alasiri akampokea mumewe kama kawaida. Kwenye kitabu cha ripoti za kazi nimeandika: "Usiku ulikuwa na baridi." Mama Ufagio kasoma, akauliza hiyo baridi ilipewa funguo na nani. Naona aibu, sina pa kuificha.

Jumatatu, 24 Machi
Siku za kuanguliwa zimepita. Daktari amelimulika yai kwa tochi: hakuna hata mshipa. Bosi kasoma kitabu cha ripoti. Anasema jike hajui kulea, angejua angelifunika. Kesho anahamishwa, ataletwa mwingine. Nilifungua kinywa. Nikasema sawa, bosi. Sawa!

Jumanne, 25 Machi
Naandika nimekaa juu ya ndoo ya matunda. Saa tisa na dakika chache. Dume kainuka, jike kashuka, kalalia lile yai bovu. Hajachelewa hata siku moja.
Bosi kaingia na sanduku lenye matundu. Anataka nimkamate jike mimi, maana mimi kanizoea. Mama Ufagio kaacha kufagia, ananitazama. Nimemwambia bosi asubiri, kuna kitu lazima nisahihishe kitabuni.
Anauliza, kitu gani?