Asidi ya Butanoiki na Samli ya Mama Mkwe

Jumamosi, Julai 2008. Manyunyu tangu asubuhi, Machakos yote imejikunyata, na mimi natapika.

Si mimba. Najua mtakachoandika kwenye maoni hapo chini. Ni asidi.

Mimi bado bibi harusi, jamani. Bado namchungulia mume wangu Mutua akinyoa ndevu. Ni yeye aliyenisukuma nijiunge na kozi ya ufundi wa maabara, mimi niliyeishia kidato cha nne, na Jumatatu tunaanza majaribio ya kemia ogani. Jana tulifundishwa usalama.

Nilisikiliza, naapa. Miwani ya kukinga macho wakati wote. Viatu vya kufunika vidole. Pete ivuliwe, kwa sababu kemikali hujificha chini yake. Niliivua, kidole kikabaki kama yatima. Na harufu usiifuate kwa pua; ipunge kwa kiganja, ije yenyewe kutoka mbali.

Kisha Madam, mwalimu wetu, akanipa chupa ya asidi ya butanoiki niiweke kwenye kabati la kufyonza hewa. Mkono wangu ukafanya ulichozoea nyumbani kwetu: ukipewa kibuyu cha maziwa unafungua, unatia pua, ujue kama yameganda vizuri.

Nilitia pua.

Matapishi ya mtoto. Beberu aliyenyeshewa.

“Wee Mwende! Hiyo ni chupa ama ni uji?” Madam akafoka. Darasa likavunjika mbavu.

Harufu imegoma kutoka. Dawa ya meno inanuka hivyo. Mto unanuka hivyo. Na leo mchana Mutua wangu, mtamu kuliko asali ya Mwingi, amenipikia kwa mara ya kwanza! Muthokoi laini wa mahindi yaliyokobolewa, maharagwe yameiva, na juu yake kijiko cha samli aliyotuma mama yake kutoka Kalama. Samli iliyokaa, yenye nguvu zake.

Nilikimbilia nje.

Niliporudi alikuwa ameifunika sahani yangu. “Ni mapishi yangu,” akauliza polepole, “ama ni samli ya mwaitu?”

Kesho tunakula kwa huyo mwaitu, mama yake. Ukikataa samli yake, umemkataa yeye.

Nikatoa karatasi ya spektra ya infraredi ya asidi ile, mchoro wa jinsi inavyofyonza mwanga, tuliyopewa tujisomee. Nikamwonyesha bonde pana, limetawanyika kama ndevu zisizochanwa: hiyo ni O–H, oksijeni na hidrojeni ya asidi. Na huu mchomo mwembamba karibu na namba 1700 ni kaboni iliyoshikana na oksijeni mara mbili. Nikamwambia asidi hii hii imo kwenye samli iliyokaa.

“Kwa hivyo mwaitu ametutumia sumu?”

“Si sumu, mpenzi. Huko iko kidogo tu. Mimi nilinusa chupa nzima.”

Akacheka hadi akashika meza. Nikapumua.

Wanasema Jumatatu tutaichemsha na ethanoli na matone ya asidi ya salfuriki, lile bonde pana litoweke, na uvundo ugeuke harufu ya nanasi. Kichwa kinaamini. Tumbo linakataa.

Jioni hii Mutua ameketi mbali nami, mkebe wa samli wazi mbele yake, anapunga kiganja kuelekea kwangu, taratibu, vile nilivyomfundisha. “Tena, Mwende, hadi pua izoee.” Mara ya kwanza nilikimbia. Sasa hivi nimemeza mate tu, nikabaki kitini.

Inanuka vibaya kabisa. Kesho nitaila mbele ya mama yake, na nitaomba niongezwe.