Owor, Mama Yako Ameamua Kubaki

Baba Chepkoech,

Nimeianza barua hii mara kadhaa nikaichana. Kila nikifika pale pa kuuliza u hali gani, mkono unakataa. Barua zangu zote kwako zilianza hivyo, wakati ule wewe uko Tororo nami niko hapa Kapkatet. U hali gani, sisi ni wazima, majani ya chai yanachunwa, watoto wanakusalimu. Leo nimeliruka hilo swali. Sisi ni wazima. Majani yanachunwa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa nayo sisi wawili. Wewe ulikuwa na ya kwenu Uganda, mimi nina Kikipsigis changu, na mapenzi na ugomvi wetu vyote tulivifanyia kwenye Kiswahili cha kuokoteza. Siku hizi hapa nyumbani hakuna wa kuongea nami Kiswahili kile, isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye amenifanya nikae chini niandike. Mama yako. Hakurudi na kaka yako Ochwo baada ya mazishi, na sasa anasema harudi kabisa.

Najua ungekuwa hapa ungeuliza kwanza: na karatasi zake je?

Hukuwa hivyo zamani. Nilipokufahamu ulikuwa unafundisha hesabu na fizikia katika shule ya harambee upande wa Kaplong. Walimu wa masomo hayo walikuwa hawapatikani, na kila mzazi alikuwa anajisifu kwamba shule yao ina Mganda. Shule ndiyo iliyokuombea kibali cha kazi, jina la shule likaandikwa juu yake, nasi hatukuona ubaya. Tukaoana. Chepkoech akazaliwa. Tukajenga kwenye kipande cha shamba alichonipa baba yangu shingo upande. Baba hakukupenda, na sina haja ya kuficha maana ulijua. Alikuwa akiniambia kwa Kikipsigis, hata ukiwa umesimama palepale, kwamba nimeolewa na mtu wa kupita. Nawe ulikuwa umeshajifunza maneno ya kutosha kuelewa.

Halafu serikali ikaleta walimu wake, na mwalimu mkuu akakuita ofisini. Ulirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hukuwahi kulifanya, umebeba vitabu vyako kwenye katoni ya sabuni. Ndipo tulipojua kwamba kibali hakikuwa chako. Kilikuwa cha kazi, na kazi ilikuwa imeisha.

Tukaenda Nakuru kwa wakili Nyambura, yule ambaye binamu yangu alisema anajua mambo ya uhamiaji. Unakumbuka alivyokuwa na mafua siku ile, anapenga kamasi katikati ya sheria. Mimi nilienda nikiwa na uhakika. Nilifikiri nitamwonyesha kitambulisho changu na cheti cha ndoa, nimwambie huyu ni mume wangu, tuandikiwe, tupande gari turudi kabla ya ng'ombe kukamuliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, kama wewe ungekuwa mwanamume na yeye mwanamke, tungemaliza hili jambo bila shida. Mkenya akioa mke wa nje, mke anaandikishwa. Lakini mwanamke Mkenya akiolewa na mtu wa nje, sheria haimjui huyo mume."

 Wewe ukacheka polepole ukasema, "Kumbe kosa langu ni suruali."

Wakili alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilinuna njia nzima mpaka Kericho, nawe ukawa unanibembeleza, wewe uliyekuwa unafukuzwa.

Alitupa njia mbili. Ya kwanza, upate mwajiri mwingine wa kukuombea kibali, na athibitishe kwamba hakuna Mkenya wa kuifanya kazi hiyo. Ya pili, uombe kibali cha kukaa siku zote, kisichofuata kazi, kwa sababu umeishi hapa kihalali miaka mingi, una mke na mtoto, na wapo watu wa kukusemea. Hiyo ya pili, alisema, ni ndefu. Na akakuonya kwamba usikutwe nchini bila kibali hata kidogo, maana wakilipata kosa hilo hawatasoma lingine. Urudi kwenu, usubiri huko.

Watu walitushauri vingine. Walisema ni nani atakayekuja kumtafuta Mganda mmoja huku ndani ya majani chai, na kwamba wako wengi wanaokaa hivyohivyo. Ulikataa. Ulisema mtu aliyefundisha watoto wa watu hawezi kuwa anamkwepa chifu sokoni. Ukafunga sanduku, nami nikiwa na mimba ya Othieno.

Nimeyakumbuka sana mambo ya wakati ule kuliko ya miaka yetu mizuri. Ulikuwa unakuja kwa pasi ya mgeni, wiki chache, halafu unavuka tena mpaka pale Busia kabla haijaisha. Wakili alikukataza kushika chaki kwa malipo kwa sababu mgeni hafanyi kazi. Basi ukawa unachuna majani kwenye shamba letu wenyewe, mwalimu mzima na kikapu mgongoni, unachuna mpaka yaliyokomaa yasiyonunuliwa, na karani wa kituo cha kununulia akamwaga nusu ya kikapu chako mbele ya wanawake wote. Ulirudi unacheka. Lakini jioni hiyo hukula vizuri, na niliona.

Othieno alizaliwa ukiwa Tororo. Nilikuandikia juu ya uzito wake na nywele zake, lakini kuna jambo sikukuandikia. Baba alikuja hospitalini. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, kisha akaniuliza amezaliwa wakati gani. Nikamwambia usiku. Akauliza, "Kwa watu wa baba yake, mtoto wa usiku anaitwaje?" Mimi ndiye niliyetaja Othieno, lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita mtoto kwa jina hilo.

Na kuna lingine. Hili Baba alinikataza kabisa nisikuambie, akasema litakufanya uwe na kiburi. Sasa nakuambia.

Watu wa uhamiaji walipotuita Nairobi kwa lile ombi lako la kukaa siku zote, nawe uko Tororo, wakili alisema tuje na mtu wa eneo letu anayekufahamu, pengine mchungaji au chifu. Nilikuambia kwamba alikuja mzee mmoja wa kanisa. Mzee huyo alikuwa Baba. Alivaa lile koti lake la harusi za watu, akakataa kupanda lifti, tukapanda ngazi mpaka wakili akavua viatu. Ofisa alikuwa kijana, mwenye adabu. Akamuuliza Baba amekufahamu tangu lini. Baba akasema tangu wakati alipokuwa hakutaki. Ofisa akainua macho. Akamuuliza, na sasa, mzee? Unajua Kiswahili cha Baba kilivyo. Alisema, "Huyu ni mtoto yangu. Kama munamfukusa, munifukuse na mimi, niende nichunge ng'ombe ya mama yake."

Hakuna aliyecheka. Wakili alikuwa anatazama dirishani. Ofisa aliandika kwa muda, kisha akamshukuru Baba kwa Kiswahili cha heshima na kumshika mkono kwa mikono miwili. Njiani kurudi, tulipofika Kericho, Baba aliniambia nisikuambie.

Kibali kikatoka. Ulirudi nyumbani na sanduku lilelile, shule ya hapa karibu ikakuchukua, na ukawa kama mtu aliyepona. Ulianza kuzunguka ili upite kwa makusudi kwenye kizuizi cha polisi pale njia panda, unatembea polepole ukitaka usimamishwe uulizwe, na hakuna aliyekusimamisha. Ulikuwa unaniletea habari hiyo kama malalamiko. Wamenisalimu tu, ulisema. Wamenisalimu tu, Chelangat.

Tulikipata tulichokuwa tunakiomba Mungu, tukakaa nacho muhula mmoja.

Ulikuwa unatutania kwamba mbu wa huku juu wana baridi kiasi kwamba hawawezi kufungua mdomo. Kisha zikaja zile mvua zisizokatika, barabara zikakatika badala yake, na baada ya mvua malaria ikapanda hadi huku kwetu ambako watu hawakuizoea. Nilipoona unatetemeka sikuogopa. Nilijiambia huyu ni wa Tororo, amekua nayo. Hospitali ilikuwa imejaa, watu kwenye mikeka, wauguzi wenyewe wanaumwa. Walikuhangaikia, siwezi kusema vingine. Siku ya mwisho asubuhi uliniuliza kama Kidato cha Nne wamepata mtu wa kuwamalizia somo la umeme. Nikakuambia ndiyo, ingawa sikujua. Ukasema vizuri. Nilitoka kwenda kuleta uji, na niliporudi...

Hapa niliacha nikaenda kuwafungia ndama. Sasa nimerudi.

Mama yako na Ochwo walifika na pikapu. Walikuja kukuchukua, na walikuwa na haki. Wazee walikaa, na Baba akasema waziwazi kwamba hawezi kumzuia mama wa mtu.  Mimi nilitaka ubaki hapa, Owor, na sikuona ni kwa neno gani ningeliomba jambo hilo. Mama yako akaomba atembezwe. Nikamwonyesha mahali ulipokuwa unasahihishia madaftari, nikamwonyesha shamba, akapita katikati ya majani akiyashika kwa mkono. Pale chini karibu na mto alisimama akaniuliza, "Huku alikuwa anaishi kwa hofu?"

Nikamwambia ukweli. Kabla ya kibali, ndiyo. Baada yake, hapana, hata kidogo.

Akarudi juu akaongea na Ochwo kwa lugha yenu. Ochwo alibisha, sauti ikapanda, akatoka nje. Baadaye akaja kwangu, macho mekundu, ameshavua koti, akauliza jembe liko wapi. Nikamuuliza Mama amesema nini. Akasema, "Amesema ulitaabika sana kupata ruhusa ya mume wako kukaa hapa. Hawezi kuwa yeye wa kumtoa."

Kwa hiyo uko hapa chini ya shamba, na wanafunzi wako walichimba pamoja na kaka yako.

Sasa habari za mama yako. Anaumia na baridi, anavaa sweta yako ya shule juu ya nguo zake zote. Maziwa yetu ya kibuyu hayataki, anasema yana moshi. Amelima kipande nyuma ya jiko akapanda wimbi la uji, na Othieno anamfuata huko kutwa nzima, ameshaanza kusema maneno ya kwenu ambayo mimi siyajui. Siku nyingine Baba anakuja, wanakaa kwenye benchi wawili hao, kila mmoja na Kiswahili chake kibovu, wanaongea habari za ng'ombe. Mmoja akikosa neno mwingine anamngojea.

Pasi yake ya mgeni ilikuwa inakaribia kwisha. Nikampeleka Nakuru. Wakili Nyambura alikuwa hajapata habari. Aliponiona mlangoni na mwanamke mzee, bila wewe, alisimama, akaketi tena, akafunika uso. Baadaye alinawa, akachukua kalamu akafanya kazi yake. Alimuuliza Mama kwa nini anataka kukaa Kenya. Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakunywa maji. Akasema, "Kule nina nyumba haina mtu. Hapa nina watoto."

Wakili alisema itakuwa ngumu, pengine ngumu kuliko yako, kwa sababu mama mkwe wa mjane hana mahali pake katika sheria. Lakini wajukuu ni Wakenya, na ataanzia hapo. Wakati tunangojea, Mama asipitishe tarehe. Avuke Busia, akae kwake kidogo, arudi na pasi mpya. Ni yaleyale. Tulishuka ngazi za ofisi yake nimemshika Mama mkono. Nimechoka na mpaka ule, Baba Chepkoech. Nilifikiri nilimalizana nao.

Lakini nimeshaamua. Shule zikifunga tutaenda naye, mimi na watoto wote wawili. Sijawahi kuona nyumba uliyozaliwa. Kila mara tulisema kibali kikitoka tutaenda pamoja, kikatoka, nasi tukasema likizo ijayo. Chepkoech anataka kuona mwamba wa Tororo uliokuwa unamwelezea. Ochwo ameandika kwamba atatungojea upande wa pili.

Mama ameuliza naandika nini. Nimemwambia ni barua yako. Hakushangaa. Amesema nikusalimie, na nikuambie wimbi limeota.

Nakuahidi hili, kwa lugha hii yetu ili usiseme hukuelewa. Mama yako hatavuka Busia peke yake kama ulivyokuwa unavuka wewe. Nitamngojea pale kwenye foleni mpaka wamgongee muhuri, na akirudi atarudi nami. Wakikataa tutaomba tena. Lala, mume wangu. Hakuna atakayekuamsha akuulize umetoka wapi.

Mkeo,
Chelangat