Kona ya Gavana Kettering

Kwako dada Maren, huko Oregon mnakopiga kura mambo yakiwa yameshaisha,

Sisi wa Iowa hatujambo, ila baridi imeua betri ya gari langu. Shikamoo yako naizuia kidogo, maana mwaka huu mimi ndiye ninayekuchagulia rais.

Jumatatu tulijaa ukumbi wa shule kumpigia kura mgombea wa chama kwa kusimama kwenye kona yake, watu mia kamili, kila mgombea na kona yake. Kona ya Gavana Kettering wako, unayemfanyia kampeni, ilikuwa na watu kumi na wanne, nikiwemo mimi, kwa ajili yako tu. Kanuni unaijua: wasipofika kumi na watano, kona inavunjwa. Na mgombea akianguka huku, huko kwenu hamtaliona hata jina lake. Nikambembeleza Bi Lavonne wa kona ya jirani ahamie kwetu, kwa sura yangu nzuri. Akanijibu, "Kijana, kanyoe kwanza hayo manyoya ya kifaranga."

Baba alikuwa kona ya pili na wakulima wenzake. Tangu mgombane ukaondoka, jina lako halitaji. Basi akavuka ukumbi mzima, watu wakimtazama, akaja kusimama kando yangu.

"Mzee, umepotea njia?"

"Kule hakuna viti," akasema.

Huku pia havikuwepo, Maren. Alisimama saa nzima na lile goti lake bovu.

Gavana wako bado yumo. Wakati wa kurudi Baba akauliza kama Oregon kuna theluji. Piga simu Jumapili, atapokea yeye. Mimi nitajifanya naoga.

Mdogo wako, fundi wa marais,
Tanner