Ndege wa Mikokoni kwa Mzee Mughwai

Mungaa, Ikungi
Jumapili, mwishoni mwa Novemba

Kaka Edward,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima nakutaarifu kwamba simu yangu imeacha kazi ya simu. Siku hizi ni ndege. Inalala chumbani kwa baba, na asubuhi inapelekwa kwenye sola ya Ezekieli kama mgonjwa anayepelekwa kliniki. Ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi. Natumaini huko Rufiji u mzima, na miche yako ya mikoko inashika vizuri kwenye tope. Sisi tu wazima, isipokuwa yule mbuzi mweupe, ambaye hajawahi kuwa mzima.

Baada ya mazishi ya mama nilikutumia ujumbe mwingi, unajua mwenyewe. Ulichojibu ni sauti ya ndege uliyoirekodi huko na maneno machache: kwamba ni mdogo kama kidole gumba, anaokota wadudu chini ya majani ya mikoko, na maji yakijaa hahami. Shangazi Magdalena akasema mtu aliyeshindwa kuja kumzika mama yake angalau angetuma sukari. Mimi nikamsikiliza ndege. Anaanza juu, anashuka taratibu, halafu anakatisha kama mtu aliyeingia ndani akasahau alichofuata.

Sasa sikia ya hapa. Tangu tulipoanua matanga, baba aligoma kulima. Alilala akitazama ukuta, akasema jembe limekwisha kazi. Na ukoo wetu unaujua: hakuna anayetia mbegu ardhini kabla mkubwa hajaanza. Ezekieli wa baba mdogo alikuwa ameshasafisha shamba, mbegu ya mtama iko kwenye ndoo. Kila asubuhi alikuja kumwamkia mzee kwa shikamoo ndefu kuliko kawaida, anangoja kidogo, anaondoka. Shangazi vilevile. Nyumba zote za ukoo zilikuwa zinamsubiri mtu anayetazama ukuta, na mwaka ujao tungekula huo ukuta.

Asubuhi moja nikiwa jikoni nilimfungulia ndege wako, nikatoka kuchota maji. Niliporudi baba akauliza kutoka chumbani ni nini kile. Nikajibu ni ndege. Sikudanganya. Kesho yake akauliza mbona leo kimya, nikamwimbisha tena. Tukaenda hivyo, hadi siku baba alipoamka mwenyewe, akaomba jembe, akaanza kupanda mtama kwenye vumbi, mbingu nyeupe kabisa.

Ezekieli alipouliza mzee amejuaje kuwa mvua iko karibu, shangazi akamjibu kwamba ndege wa mvua amesikika hapa kwetu, kwa Mughwai, yeye mwenyewe kamsikia akipita. Kufikia mchana ukoo mzima ulikuwa shambani, na wasio wa ukoo pia. Hakuna aliyewahi kumwona ndege huyo Mungaa, jambo ambalo liliwaongezea imani.

Nikaona imezidi. Jioni nilimwambia baba ukweli: ndege ni wako, wa maji ya chumvi, mvua yetu haijui.

Akaniuliza, "Ndege gani, Felista, anaimba mpaka aishiwe chaji?"

Alijua tangu siku ya kwanza. Akaniambia niiache sauti ifike mwisho. Mimi, kaka, nilikuwa naizima ndege akinyamaza. Kumbe baada ya hapo kuna wewe. Unasikika ukivuta miguu kwenye tope, unaita "mama" mara moja, halafu unalia kama mtu asiyetaka wenzake wa kazini wamsikie. Siku ile nilipokwenda kuchota maji, baba aliisikia yote.

Baba akasema, "Huyo atarudi hapa. Akirudi atakula nini?" Akaomba simu ibaki chumbani kwake.

Amenikataza kukuomba uje, kwa hiyo sikuombi. Nakueleza tu kwamba amefagia kile chumba chako, na hakuruhusu mtu amsaidie. Ezekieli anakusalimu sana. Shangazi anakusalimu kwa kiasi. Wasalimie unaofanya nao kazi, na uangalie kifua chako kwenye hayo maji.

Ni mimi mdogo wako,
Felista

Mvua haijanyesha, na mbegu ya kurudia hatuna.